Nguvu ya tano ya ulimwengu iko wapi? Waandishi wenzangu, tunadaiwa!

Naam wenzangu, leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wa kazi yangu: waandishi wa habari.

Tarehe 7 Aprili 2021 vyombo vikubwa vya habari duniani vilitangaza kwamba huenda imegunduliwa nguvu mpya ya maumbile. Shuleni tuliambiwa nguvu za msingi ni nne: uvutano, sumakuumeme, nguvu kali inayoshikilia kiini cha atomu, na nguvu dhaifu inayohusika na baadhi ya mionzi. Sasa eti ya tano inabisha hodi! Kuna waliosema vitabu vya fizikia itabidi viandikwe upya. Habari ile ilizunguka dunia kwa saa chache ikatua hadi kwenye simu zetu.

Tarehe 3 Juni 2025 maabara ileile ikatoa matokeo yake ya mwisho. Wiki moja kabla yake wananadharia nao walikuwa wametoa hesabu yao mpya. Namba mbili zikakutana. Nguvu ya tano haikutokea. Sasa nikuulize ndugu msomaji, hiyo habari ya pili ulisikia wapi?

Usijisumbue kukumbuka. Wengi hatukuisikia popote. Na mie nasema hili si jambo dogo la kusahau tu, kama mtu anavyosahau funguo mezani. Tuliuza nusu ya hadithi, nusu yenye mashine, tukaitupa nusu yenye hesabu. Tulifanya hivyo kwa sababu tumejizoesha kuamini kwamba hesabu si habari.

Tuanze na mambo yenyewe, maana ugomvi bila ushahidi ni umbeya.

Muoni ni ndugu ya elektroni, ila ina uzito wa mara 207 hivi, na haidumu: huishi kwa wastani wa sehemu 2.2 tu za milioni ya sekunde. Kila muoni ni sumaku ndogo. Ukiitia ndani ya uga wa sumaku inayumba kama pia, ile ya kuchezea watoto, inapokaribia kuanguka. Kasi ya kuyumba huko inategemea namba moja ambayo wanafizikia wanaiita g. Nadharia ya Paul Dirac ya mwaka 1928 ilisema g ni 2 kamili. Mwaka 1948 Julian Schwinger akaonyesha kuwa kuna ziada kidogo, kwa sababu ombwe si tupu kama tunavyodhani: chembe zinazuka na kutoweka humo bila kukoma, na kila aina ya chembe inaisukuma muoni kidogo. Hesabu yake ya kwanza ya ziada hiyo, ukiigawa kwa mbili, ilitoa 0.00116. Kanuni yake imechongwa hata kwenye kaburi lake.

Sasa utamu uko hapa. Kama kuna chembe au nguvu tusiyoijua, nayo itaisukuma muoni. Kwa hiyo unapima ziada, unakokotoa ziada, unalinganisha. Vikipishana, kuna mgeni ndani ya nyumba.

Kipimo kilifanywa Brookhaven, New York, na ripoti yake ya mwisho ikatoka mwaka 2006. Kilionyesha dalili ya kupishana. Mwaka 2013 pete ya sumaku yenye kipenyo cha mita 15 ikabebwa kwa tishali na lori, safari ya zaidi ya kilomita 5,000, hadi maabara ya Fermilab karibu na Chicago ili kipimo kirudiwe kwa umakini zaidi. Ndiyo hiyo iliyotangaza mwaka 2021. Vipimo vya Brookhaven na Fermilab vikichanganywa vilitoa 0.00116592061. Hesabu iliyokubaliwa mwaka 2020 na wananadharia zaidi ya 130 ilitoa 0.00116591810. Zinaachana kwenye tarakimu ya nane baada ya nukta! Kwa lugha ya wenyewe, tofauti ya sigma 4.2, yaani uwezekano wa kutokea kwa bahati tupu ni kama mmoja kati ya 40,000.

Hapo ndipo wenzangu walipofunga daftari na kukimbilia kuandika.

Lakini siku hiyohiyo, narudia, tarehe hiyohiyo 7 Aprili 2021, jarida la Nature lilichapisha makala ya kundi linaloitwa BMW. Usifikirie magari. Ni Budapest, Marseille na Wuppertal, miji ya vyuo vyao. Kundi hilo lilikuwa limekokotoa upya ile sehemu ngumu kuliko zote ya hesabu, na namba yao ilisogea kuelekea kipimo. Rasimu yao ilikuwa hadharani tangu Februari 2020, mwaka mzima na zaidi kabla ya Fermilab kutangaza. Hakuna aliyeificha. Mwandishi aliyetaka kuiona angeiona.

Sehemu ngumu yenyewe ni ipi? Ni ile ya nguvu kali. Muoni inapopita, miongoni mwa chembe zinazozuka na kutoweka kando yake zimo kwaki, ambazo ndizo zinazounda protoni na nyutroni, pamoja na gluoni zinazozigandisha pamoja. Kwa sumakuumeme unaweza kukokotoa kwa kalamu na karatasi, hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia. Kwa nguvu kali njia hiyo inagoma: hatua hazipungui. Kwa hiyo kuna barabara mbili. Ya kwanza ni kuazima vipimo vya maabara nyingine zinazogonganisha elektroni na positroni, kisha kuvitumia badala ya hesabu. Ndiyo iliyofuatwa mwaka 2020. Ya pili ni kuanza na mlinganyo wa nadharia wenyewe na kuukokotoa kwa kompyuta. Ndiyo waliyofuata BMW.

Barabara hii ya pili ilianzia kwa Kenneth Wilson wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1974. Wazo lake kila mtu wa pwani atalielewa. Chukua wavu. Badala ya kushughulika na kila nukta ya nafasi na muda, ambazo hazihesabiki, unatandaza wavu na kushughulika na wavu tu. Kwaki unaziweka kwenye vifundo, gluoni unaziweka kwenye nyuzi zinazounganisha kifundo na kifundo. Kisha unarudia kazi kwa wavu wenye matundu madogo zaidi, halafu madogo zaidi tena, na kwa kufuata mwelekeo wa majibu unajua jibu litakuwa nini matundu yakiisha kabisa.

Hata hivyo wavu wenyewe una hali nyingi mno za kukaa. Hakuna kompyuta itakayozipitia zote hadi kiama. Hapo wanafanya anavyofanya mpishi: hamalizi sufuria nzima kujua kama chumvi imekolea, anakoroga vizuri na kuonja kijiko kimoja, kimoja tena, kingine tena. Kazi kubwa ni kukoroga vizuri, ili kijiko kiwakilishe sufuria. Na ukitaka shaka ipungue nusu, lazima uonje mara nne zaidi. Ndiyo maana BMW walikula mamia ya mamilioni ya saa za prosesa.

Nawajua wanaocheka hapo. "Si uigaji wa kompyuta tu huo?" Neno uigaji limetuponza, linasikika kama maigizo ya jukwaani. Sikiliza basi. Mwaka 2008 kundi hilihili la BMW lilichapisha kwenye jarida la Science uzito wa protoni na ndugu zake uliokokotolewa kwa wavu. Waliingiza vipimo vitatu tu ili kuiweka nadharia sawa. Vilivyobaki vikatoka vyenyewe, na uzito wa protoni ulikuwa sahihi ndani ya shaka ya asilimia nne hivi. Kumbuka kwamba kwaki tatu za protoni ukizipima peke yake hazifiki hata asilimia moja ya uzito wake. Asilimia 99 inayobaki inatokana na nishati ya zile kwaki na gluoni zinavyohangaika humo ndani. Yaani ukipanda kwenye mizani, karibu kilo zako zote ni kazi ya nguvu kali! Watu walioweza kukokotoa hilo kutoka kwenye mlinganyo hawaigizi. Wanahesabu.

Nirudi kwenye ugomvi wangu. Sitaki kumwonea mtu. Wananadharia wa mwaka 2020 hawakuikataa njia ya wavu kwa kiburi. Wakati ule lilikuwa kundi moja tu lililodai usahihi wa kutosha, na mkono mmoja haulei mwana. Walisubiri makundi mengine yarudie. Ni uungwana wa kazi. Na wengine walirudia kweli. Kati ya 2022 na 2023 makundi kadhaa ya Ulaya na Marekani yalikokotoa kipande muhimu cha hesabu ileile, baadhi yao yakiwa yamefumba macho: matokeo yalizidishwa kwa namba ya siri ili hata wenyewe wasijue jibu hadi kazi iishe. Majibu yakakubaliana. Februari 2023 maabara ya Novosibirsk, Urusi, ikatoa vipimo vipya vya migongano ya elektroni na positroni, navyo vikapishana na vipimo vya awali na kusogea upande wa wavu. Barabara ya kwanza ikaanza kuonyesha mashimo.

Mei 2025 wananadharia wakatoa hesabu yao mpya, safari hii sehemu ile ngumu ikiwa imetoka kwenye wavu: 0.00116592033. Juni, Fermilab ikatoa kipimo chake cha mwisho: 0.001165920705. Tofauti iliyobaki ni ndogo kuliko shaka ya hesabu yenyewe. Na tazama uaminifu wa watu hawa: shaka waliyoiandika mwaka 2025 ni kubwa kuliko ya mwaka 2020. Walikuwa wamejiamini kupita kiasi, wakakiri hadharani kwa namba. Ni waziri gani unayemjua aliyewahi kufanya hivyo?

Kwa hiyo kosa la vichwa vya habari vya mwaka 2021 halikuwa kuripoti kipimo. Kipimo kilikuwa sahihi na kimesimama hadi leo. Kosa ni neno moja dogo lililoachwa: KAMA. Kama hesabu ni sahihi, basi kuna nguvu mpya. Kipimo na hesabu ni mizani ya sahani mbili. Sisi tuliangalia sahani moja, ile inayong'aa, tukatangaza bei.

Kwa nini tunafanya hivi? Nitakwambia ninachokiona kazini. Nilipopendekeza kuandika juu ya hesabu hizi, mhariri mmoja aliniuliza swali moja tu: "Picha yake iko wapi?" Pete ya mita 15 ikiwa juu ya lori usiku ina picha. Wavu ndani ya kompyuta hauna. Mtu aliyekaa miaka sita akitafuta kosa kwenye tarakimu ya tisa hana picha. Basi si habari! Halafu tunashangaa wasomaji wakisema wanasayansi ni vigeugeu, leo hivi kesho vile. Nani aliwaonyesha kilichokuwa katikati? Tuliwaambia "wamegundua", tukanyamaza, na siku moja wakasikia "hakuna kitu". Ukikata hadithi mwanzo na mwisho, hata mkweli ataonekana mwongo. Tabia hii ina gharama, maana msomaji huyohuyo ndiye tunayetaka atuamini tukiandika juu ya chanjo, mvua na tetemeko.

Sasa wako wengine nao, wa upande wa pili. Hao waliposikia mambo yamekutana wakasema, "Mnaona? Miaka zaidi ya 20 imetupwa. Hawakupata kitu." Ndugu zangu, kupata kwamba nadharia inashika hadi tarakimu ya tisa si kukosa kitu. Kila anayebuni chembe mpya sasa lazima aeleze kwa nini chembe yake haikuisukuma muoni. Na fumbo halijaisha: kwa nini vipimo vya zamani vya migongano vinapishana na vile vya Novosibirsk? Hadi sasa hakuna maelezo yaliyokubaliwa. Hapo ndipo habari ilipo leo, kwa mwandishi mwenye subira.

"Lakini faida yake nini kwa mwananchi?" Swali halali, na jibu ninalo. Mwaka 1987 wanafizikia wanne, Simon Duane, Anthony Kennedy, Brian Pendleton na Duncan Roweth, walibuni njia bora ya kukoroga ile sufuria ya wavu wa kwaki. Haikuwa na kazi nyingine duniani. Miaka ya 1990 Radford Neal wa Toronto akaihamishia kwenye takwimu. Leo ndiyo moyo wa programu ya bure ya takwimu iitwayo Stan. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College, London, waliitumia Stan kukadiria hatua za kufunga shughuli zilivyopunguza maambukizi ya korona katika nchi 11 za Ulaya. Njia iliyobuniwa kwa ajili ya kwaki ikasaidia kupima ugonjwa uliowafungia watu majumbani. Nani angeomba hela za hilo mwaka 1987? Angefukuzwa.

Na huku kwetu je? Najua tunavyosema: haya ni mambo ya wenye hela. Kwa upande wa pete nakubali. Hatutajenga pete. Lakini wavu una mlango mwembamba ambao tunaweza kupita. Michael Creutz wa Brookhaven, aliyekuwa wa kwanza kuonyesha kwa kompyuta kwamba wazo la Wilson linafanya kazi, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, alitumia wavu wenye vifundo 10 tu kila upande, katika pande nne. Laptopu ya mwanafunzi wa Mlimani au Nairobi inaweza kuirudia kazi ile leo. Programu kadhaa za makundi makubwa zinapatikana bure. Kigali ipo taasisi ya utafiti wa sayansi za msingi kwa Afrika Mashariki, iliyofunguliwa mwaka 2018 chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na kituo cha Trieste alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964. Kinachopungua ni kijana kujua kwamba kazi hii ipo. Atajuaje, kama gazeti linamwonyesha mashine za watu tu na kumficha kwamba nusu ya ugunduzi ni mtu, kompyuta, na uvumilivu?

Ndiyo maana nasema tunadaiwa. Namalizia na masharti matatu, waandishi wenzangu, na mimi nikiwemo kwenye kuyatii.

Moja: ukiambiwa "kipimo kimepishana na nadharia," uliza nadharia hiyo imekokotolewaje, na nani hakubaliani nayo. Swali hilo halihitaji shahada ya fizikia.

Mbili: neno KAMA lisikatwe ili kichwa cha habari kienee.

Tatu: uliyetangaza tetesi kwa tarumbeta, tangaza na hitimisho kwa tarumbeta ileile. Ukurasa uleule, ukubwa uleule wa herufi. Kama ulitoa nguvu ya tano ukurasa wa kwanza mwaka 2021, deni lako la 2025 bado halijalipwa, na riba inapanda.

Anayebisha alete hoja. Matusi aache nyumbani.